Chokaa ya Isakwisa

Modesti alipouona mfuko wa chokaa umeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, alifurahi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeulamba ukuta wa nje mpaka tofali zikaanza kuchungulia, na tangu Krismasi alikuwa akimwahidi mkewe kwamba wataupaka. Akadhani Edith amechoka kungoja ahadi, ameamua kuanza yeye.

"Umefanya vizuri," alimwambia, akikung'uta vumbi la randa kwenye suruali. "Jumamosi nitatafuta brashi."

Edith alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Hiyo si ya nyumba," alisema. "Ni ya Isakwisa."

Alilitamka jina hilo kama mtu anavyotamka jina la jirani aliyeagiza kitu dukani. Modesti akasema, "Aa," akaingia ndani kuvua viatu, na huko ndani akakaa kitandani kwa muda mrefu na kiatu kimoja mkononi.

Isakwisa alikuwa marehemu. Alikuwa mume wa kwanza wa Edith, na Modesti hakuwahi kumwona kwa macho.

Modesti mwenyewe alikuwa fundi seremala hapo Kizwite, mjini Sumbawanga, Mfipa wa kijiji cha Kate, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Bibi yake alikuwa akiwasimulia jinsi Mapadri Weupe walivyopanda milima kutoka upande wa ziwa, na jinsi wanaume wa ukoo walivyobeba tofali za kanisa begani huku wanawake wakikanyaga udongo kwa miguu. Huko kwao mtu hakumwuliza mwenzake anasali wapi, kama ambavyo hakumwuliza anakunywa maji ya wapi. Ukizaliwa, unabatizwa, ukikua, unapata kipaimara, ukifa, Padri anakunyunyizia maji ya baraka. Modesti alikuwa ameshakuwa mtu mzima, na ndevu zimeanza kuchanganyika mvi, ndipo alipojua kwamba kuna watu wanaompenda Yesu na hawajui rozari inashikwaje.

Mmoja wa watu hao akawa mke wake. Edith alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, na babu wa baba yake alikuwa miongoni mwa wale waliofundishwa kusoma na Wajerumani wa Moravian walipofika kule milimani. Alikuja Sumbawanga akiwa bibi harusi wa Isakwisa, bwana mifugo aliyehamishwa na serikali. Ndivyo watu wengi wa Mbeya walivyofika: walimu, wauguzi, polisi, wafanyabiashara wa mchele na ndizi. Kila mmoja alikuja na dhehebu lake kama mtu anavyokuja na mbegu za kwao zimefungwa kwenye pindo la kanga. Wamoravian wa kwanza walisali kwenye sebule ya mwalimu mmoja, wakahamia kwenye banda la mabati, na mwisho wakajenga kanisa lenye nyota kubwa juu ya mlango. Isakwisa alikuwa akipiga tarumbeta la besi pale. Kisha siku moja, akiteremka kwenda bondeni Milepa kuchanja ng'ombe, pikipiki ikamtupa kwenye kona za mlima, na hakuamka tena.

Hawakuwa wamepata mtoto. Edith akabaki mjini na cherehani yake, akishona sare za shule na magauni ya kwaya. Modesti alimfahamu kwa sababu ya meza. Alimtengenezea meza ya cherehani, ikayumba. Akairudia, ikayumba tena. Mara ya tatu Edith akacheka na kusema sakafu yake ndiyo mbovu, si meza. Modesti akaleta saruji, akairekebisha sakafu. Baada ya hapo alikuwa akipita kuangalia kama saruji imeshika, hata ilipokuwa imeshika zamani.

Alipomposa, Edith alimjibu waziwazi. "Nitakufuata kanisani kwako. Mke na mume wasitengane mlangoni. Ila alfajiri ya Pasaka uniachie. Nitakwenda makaburini na watu wangu, nimpakie Isakwisa chokaa, halafu nitarudi."

Modesti alikubali upesi. Wakati ule angekubali hata kuambiwa ahamie Rungwe akalime chai.

Jambo la kwanza lililomkera alilinyamazia. Alikuwa ametazamia kwamba Edith atabatizwa upya, maji yamwagike, mambo yaanze ukurasa mweupe. Padri Urbano akamwambia hapana: ubatizo wa Wamoravian ni ubatizo, haurudiwi. Edith akafundishwa, akapewa kipaimara, basi. Kwa hiyo, Modesti aliwaza, yale maji ya kule Rungwe bado yako kwake. Lilikuwa wazo la kitoto, naye alilijua hivyo, lakini lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mengine yakafuata, madogomadogo. Wageni wakibisha hodi na kusema "Tumsifu Yesu Kristo," Edith alijibu "Milele, amina" sawasawa. Lakini akishtuka, au akichomwa na sindano, neno lililomtoka lilikuwa la kwao. Akiwa anashona aliimba nyimbo ambazo Modesti hakuzijua, na katikati ya wimbo alikuwa akishusha sauti mpaka chini kabisa, puu, puu, kama anamfuata mtu anayepiga besi. Modesti alisimama upande wa pili wa ukuta na randa mkononi, akisikiliza. Aliye hai unaweza kumkunja shati, mkapimana nguvu. Wa kaburini utamkunja nini?

Hata hivyo Pasaka ya kwanza ilipita salama. Modesti alitoka kwenye Kesha la Pasaka amechoka, akalala fofofo, na alipoamka Edith alikuwa amesharudi na chai iko mezani. Huenda na ya pili ingepita hivyohivyo, kama si dada yake, Josefina.

Josefina alikuwa mkubwa wake, mjane, mwimbaji wa sauti ya kwanza parokiani na mtu wa kujua habari. Wiki moja kabla ya Matawi alikuja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akaanza kwa mbali: bei ya mahindi, goti lake linalouma. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kuna jambo nimelibeba tangu mwaka jana."

"Litue."

"Wanawake wa jumuiya walimwona wifi makaburini Pasaka iliyopita. Amepiga magoti, ameegemeza paji la uso juu ya zege, analia na kucheka. Analia na kucheka, Modesti. Walisema wao waliolewa mara moja, lakini mke wako anaolewa upya kila Pasaka."

"Waache waseme."

"Wanasema. Mimi nakuambia tu ili usije ukasikia barabarani."

Alipoondoka, Modesti aligundua kwamba ameranda ubao mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu.

Wakati huo alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Padri Urbano alikuwa amemwagiza kinara kipya cha Mshumaa wa Pasaka. Modesti alikichonga kwa mninga, na kwenye kitako chake akachonga Mwanakondoo amesimama, ameshika bendera kwa mguu wa mbele, kama alivyomwona kwenye picha ya misale ya zamani. Manyoya aliyachonga moja moja kwa patasi nyembamba. Hakumwonyesha Edith mpaka alipomaliza. Alitaka amwone mumewe kwa namna nyingine siku ile, si fundi wa vitanda na milango tu.

Akaondoa gunia. Edith akaweka mkono mdomoni.

"Huyu ni wetu!" alisema, na uso wake ukang'aa kama wa msichana. "Modesti! Umetuchongea Kondoo wetu!"

"Wenu akina nani?"

"Wamoravian. Kondoo na bendera ndiyo muhuri wetu. Uko kwenye madhabahu, uko kwenye vitabu, uko..." Alipiga magoti akapitisha kidole juu ya manyoya. "Isakwisa alikuwa naye kwenye beji ya kofia yake ya tarumbeta."

Modesti akakifunika kinara kwa gunia. "Huyu ni wa Kanisa," alisema. "Alikuwako kabla ya Wamoravian kuzaliwa."

"Sijabisha," alisema Edith taratibu. Akainuka na kujifuta magoti. Furaha ilikuwa imeshamtoka usoni, na Modesti alijua ni yeye aliyeitoa, lakini hakujua namna ya kuirudisha. Hata kazi ya mikono yake mwenyewe, marehemu yule alikuwa ameshaifikia kabla yake na kuketi juu yake.

Jumatatu ya Juma Kuu alidanganya.

Hakuwa amepanga. Walikuwa wanakula, ugali wa ulezi na mboga za maboga, na Edith akasema kwamba Wamoravian watakutana makaburini mapema zaidi mwaka huu. Modesti akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nimezungumza na Padri Urbano. Amesema Mkatoliki haendi kwenye ibada ile. Aliyepata kipaimara akienda, ni kama anakikana."

Edith aliacha kumega. "Amesema hivyo Padri mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Akijua kwamba kuna kaburi?"

"Anajua."

Alimtazama muda mrefu. Modesti aliinamia sahani. Alikuwa tayari kwa ugomvi. Alikuwa hata na maneno ya ziada aliyoyaandaa hapo hapo. Lakini Edith alisema tu, "Haya," akanawa mikono. Baadaye Modesti aliona mfuko wa chokaa umehamishwa, umewekwa nyuma ya mbao zake karakana, mahali pa vitu visivyohitajika.

Ijumaa Kuu ikapita. Kesha likaja, moto ukawashwa nje ya kanisa, mshumaa ukaingia gizani na kusimama juu ya kinara cha Modesti, na watu wakageuza shingo kukitazama. Padri akakisifu mbele ya wote. Edith alikuwa pembeni yake, amevaa gauni jipya, ameshika mshumaa wake mdogo, na alijibu kila kilichojibiwa. Modesti alipata kila alichokitaka usiku ule, na hakikuwa na ladha.

Kabla ya jua kutoka akaamka kwa sauti ya matarumbeta.

Yalikuwa mbali, yanapita barabara kuu kuelekea makaburini, na upepo wa uwanda ule wa Ufipa ulikuwa ukiyaleta na kuyachukua. Aligeuka. Edith alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kitenge begani, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anasikiliza tu, na kidole chake kimoja kilikuwa kinapigapiga goti, polepole, panapopita besi.

Modesti alijifanya amelala. Kisha hakuweza. Akainuka, akavaa koti, akasema anakwenda kutazama kama karakana imefungwa.

Hakwenda karakana. Miguu ilimpeleka kule ambako moyo wake ulikuwa umekaa tangu Kwaresima ianze. Alitaka kumwona adui yake.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko nje ya mji, na Wamoravian walikuwa na pembe yao karibu na mikaratusi. Modesti alisimama nyuma ya mti. Alikuwa ametazamia kilio, hakukuta kilio. Watu walikuwa wamevaa meupe, wamejifunika mablanketi na majaketi kwa ajili ya baridi, na makaburi yalikuwa meupe yamepangwa safu, madogo, ya usawa mmoja, la mwalimu sawa na la mama muuza ndizi. Watu walisimama kati ya makaburi kana kwamba wamesimama kati ya jamaa zao kwenye karamu. Mchungaji alikuwa anasoma majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Kila jina likisomwa, watu wa nyumba hiyo waliinua uso. Kisha upande wa mashariki ukafunguka mwekundu, matarumbeta yakainuliwa yote kwa pamoja, na mchungaji akapaza sauti kwamba Bwana amefufuka. Wakamjibu, na ilionekana kama wanawajibia na wale waliolala.

Modesti alishika gome la mti. Alikuwa Mkatoliki tangu tumboni mwa mama, alikuwa na Novemba ya marehemu wote, alikuwa na maji ya baraka na sala kwa roho za toharani. Hajawahi kuwaona wafu wakiamshwa kama watu waliochelewa kuamka. Akawaonea wivu kwa hilo pia.

Jua lilipotoka akaliona kaburi lenyewe. Katika safu ya tatu kulikuwa na kaburi moja chafu, limerukiwa na tope jekundu la mvua, majani yameota pembeni. Lilikuwa peke yake hivyo. Hakuhitaji kulisoma.

"Bwana asifiwe, kaka." Mzee mmoja mwembamba, tarumbeta chini ya kwapa, alikuwa amesimama kando yake. "Umekuja kwa nani?"

"Shikamoo," alisema Modesti. Akanyoosha kidole.

"Marahaba. Kwa Isakwisa!" Mzee akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mimi ni Anyelwisye. Tulipiga pamoja. Tumeshangaa leo hana mtu. Mke wake hakosagi, tukasema labda anaumwa. Wewe ni nani yake?"

Modesti akalitazama kaburi. "Jamaa yake," alisema.

"Wa Tukuyu, kule Rungwe?"

"Wa hapa."

"Afadhali. Maana wa Tukuyu walimsusa." Anyelwisye akatikisa kichwa. "Walikuja na Fuso kuchukua maiti. Mnyakyusa anazikwa nyumbani, ndivyo ilivyo. Lakini yeye alikuwa amemwambia mkewe, nikifa, nizikeni hapahapa, niamke na wale niliosali nao. Binti yule alisimama mlangoni mbele ya wakwe zake, peke yake, akakataa. Wakamwambia basi, tangu leo wewe si mtu wetu, na kaburi ni lako, ulitunze mwenyewe. Hawajakanyaga hapa tena." Akamtazama Modesti usoni. "Chokaa tunayo imebaki. Nikuletee?"

Mtu angefanya nini? Modesti alijing'oa pale mtini, akaenda. Akang'oa majani. Akakwangua tope kwa kipande cha kigae. Akapaka, kwa mkono wa fundi, kutoka juu kwenda chini, bila kuacha mapengo. Alipofika kwenye jiwe la kichwani akasoma, na brashi ikasimama.

Kwa muda wote ule alikuwa amemwona Isakwisa kama jitu, mtu wa sauti nzito na kifua cha kujaza tarumbeta. Kumbe tarehe zilisema kijana. Hakufika hata miaka thelathini na mitano. Modesti angeweza kumwita mdogo wangu. Akasubiri huruma imjie, na ilikuja, lakini nyuma yake ukaja wivu mbaya kuliko ule wa kwanza: yeye, Modesti, atazidi kuzeeka mbele ya macho ya Edith, meno yatamtoka, atakohoa usiku, na huyu atabaki kijana vilevile, kila Pasaka.

Akamaliza kazi. Akaosha mikono kwenye ndoo, haikutakata.

Edith alikuwa anachochea moto aliporudi. Aliona viatu vyake kwanza, kisha vidole. Akasimama.

"Padri Urbano hakusema," alisema Modesti. Aliona ni heri litoke lote mara moja. "Sijamwuliza kitu. Nilitunga mwenyewe. Nimetoka huko. Lilikuwa chafu, nimelipaka."

Alikuwa na matumaini fulani. Njiani alikuwa amejiona akisamehewa. Alikuwa hata amemwona Edith akilia begani kwake na kusema asante. Edith alimwendea mpaka karibu kabisa, akamshika mkono na kuugeuza, akaangalia chokaa kwenye kucha.

"Umelipaka wewe," alisema.

"Nimelipaka vizuri."

"Ulinizuia mimi, halafu ukaenda wewe."

"Edith..."

"Nilikaa kitandani nikisikia wanapita. Nikasema, ni utii, Mungu anaona. Kumbe sikumtii Mungu wala Padri. Nilikutii wewe na wivu wako." Hakuwa anapiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. "Nilikupa dhehebu langu, Modesti. La baba yangu na babu yangu. Sikukudai kitu. Nilibakiza kaburi tu, asubuhi moja katika mwaka. Na hilo ukalitaka."

"Nilidhani ukienda kule hurudi mzima, kipande chako kinabaki naye."

"Sirudi mzima," alisema Edith. "Ulinioa nikiwa hivyo. Ulifikiri ulioa nani?"

Akaenda karakana, akauburuta mfuko kutoka nyuma ya mbao. Akatafuta ndoo na brashi. Modesti akasema limeshapakwa, liko jeupe, hakuna pa kupaka. Edith akamjibu, "Ndiyo," akatoka.

Watu waliokuwa wanakwenda Misa ya asubuhi, na nguo mpya na watoto waliopakwa mafuta, walimwona mke wa Modesti akipita barabarani na ndoo ya chokaa kichwani kinyume cha mkondo wao. Josefina alikuwa miongoni mwao. Alifungua mdomo amwite wifi yake, akaona uso wake, akafunga. Modesti alimfuata kwa mbali mpaka kwenye mikaratusi, akakaa chini. Wamoravian walikuwa wameondoka. Akamwona Edith akikoroga, akichuja, akipaka upya kaburi jeupe, polepole, mpaka chokaa ya Modesti yote ikafunikwa. Alisema na marehemu wakati wote ule, kwa Kinyakyusa. Modesti hakuelewa hata neno, ila alisikia jina lake mwenyewe likitajwa, mara mbili, na alitamani sana kujua limetajwa kwa namna gani.

Edith hakumwacha mumewe. Watu walingoja amwache, hasa wanawake wa jumuiya, lakini alirudi nyumbani mchana ule, akapika kuku wa Pasaka, wakala. Ila Jumapili iliyofuata alivaa kofia ya kitambaa ya kusalia kwao, aliyokuwa ameifungia sandukuni, akasema, "Mimi nakwenda kwetu." Modesti alikwenda kwa Padri Urbano akaungama uongo wake. Padri, aliyekuwa mtoto wa Ufipa kama yeye, alisema kutoka upande wa pili wa pazia kwamba angependa kumrudisha Edith, lakini hawezi kumvuta kwa kamba iliyofungwa na uongo. Akampa malipizi. Malipizi yaliisha, Edith hakurudi.

Basi wakawa wanatoka pamoja kila Jumapili na kuachana kwenye njia panda, yeye kulia na mumewe kushoto. Josefina alisema ni aibu. Modesti akamwambia, kwa mara ya kwanza maishani, "Dada, nyamaza," na Josefina alikasirika mpaka Pentekoste.

Wivu haukumtoka. Mtu asidhani ulitoka. Akiwa Misani, na nafasi wazi ubavuni mwake, alikuwa akipiga hesabu ya sasa hivi wako kwenye wimbo gani, na ni nani anayepiga besi. Jumapili moja ya Juni, baridi ya kipupwe ikiwa kali na upepo unasukuma watu mgongoni, Misa ilitoka mapema. Badala ya kwenda nyumbani alipinda kulia. Akasimama nje ya kanisa lile lenye nyota, ameinua kola, akangoja pamoja na bodaboda.

Edith alitoka katikati ya wanakwaya, anacheka kwa kitu alichosema Anyelwisye. Alipomwona mumewe, kicheko kilipungua, lakini hakikuzima. Wazee wakamsalimia Modesti kwa heshima. Hakuna aliyemwita jamaa wa Isakwisa, ingawa Anyelwisye alimkonyeza kidogo.

Wakatembea. Barabara ilikuwa na vumbi, na mahindi ya mwisho yalikuwa yanakauka mashambani pembeni. Walipofika mbali na watu, Modesti akauliza, "Alikuwaje?"

"Nani?"

"Yeye."

Edith akapunguza mwendo. Katika ndoa yao yote hajawahi kuulizwa.

"Alikuwa mbishi," alisema. "Akipoteza kitu, ni mimi niliyekipoteza. Na ugali wa ulezi hakuuweza kabisa. Alisema Wafipa wanakula udongo."

Modesti akacheka bila kupenda. "Alisema hivyo?"

"Mbele ya mwenye nyumba wetu, Mfipa. Tulihama mwezi uleule." Naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha sauti yake ikalainika. "Lakini akinikuta nashona jioni na mwanga umepungua, alikuwa anakuja anashika taa karibu na sindano. Anasimama tu. Hata saa nzima, hasemi kitu, mkono haushuki."

Hilo lilimchoma Modesti palepale alipotazamia, na zaidi. Hajawahi kumshikia taa. Hakuwahi hata kufikiri kwamba taa inashikwa. Alitaka kusema basi, imetosha, nimekwisha kumjua. Upepo ulikuwa mkali, akasogea upande wa upepo ili Edith apate kinga.

"Endelea," alisema.